Mifuko 38: uwazi unapomsaidia mwananchi, na usipomsaidia

Maneno haya niliyasema mbele ya wajumbe wa serikali za vijiji na kamati za shule za kata yetu, kusini mwa Tanzania, siku tulipoitwa kuzungumzia mapato na matumizi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza marudio tu.

Ndugu mwenyekiti wa kikao, mheshimiwa diwani, watendaji wetu, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, walimu wenzangu, wazee wangu na mama zangu mliotembea tangu alfajiri kufika hapa: shikamooni. Vijana, habari za toka asubuhi.

Nimeombwa nijibu swali moja. Serikali ikiweka mambo yake wazi, je, sisi wananchi tunapata nguvu ya kuwawajibisha viongozi? Ningeweza kusema "ndiyo" nikaketi. Lakini nimefundisha miaka 31, na 11 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Karatasi za mapato na matumizi nimezibandika kwa mkono wangu. Nimeziona zikikaa ubaoni mpaka jua linakula wino, bila kumsumbua mtu yeyote. Na mara moja nimeiona karatasi moja ikifanya kazi yake. Naomba nianze na hiyo.

Mwaka huo shule yetu ilipata fedha za kusakafia upya madarasa mawili. Kazi ikaisha, nikaandika taarifa, nikaibandika kwenye ule ubao wenye wavu nje ya ofisi. Mstari wa tatu ulisomeka: saruji, mifuko 60. Karatasi ikakaa pale wiki tano. Wazazi walipita mbele yake kila siku. Wajumbe wa kamati walipita. Akaja mgeni kutoka ngazi ya juu, akaisoma, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba shule yetu ina uwazi. Nilifurahi sana siku ile.

Wiki ya sita akaja fundi mwashi aliyefanya ile kazi, amefuata malipo yake ya mwisho. Mimi nilikuwa darasani, akaambiwa asubiri barazani. Hakuwa na la kufanya, basi akaanza kusoma ubao. Nilipotoka nilimkuta amesimama, kidole amekiweka juu ya wavu, kwenye ule mstari wa tatu. Akaniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, hii sitini imetoka wapi? Mimi nimechanganya mifuko thelathini na minane. Mifuko mitupu niliiomba kwa kamati, nikaichukua yote, nimezibia banda la kuku. Ukitaka twende ukaihesabu."

Tulikwenda. Tukahesabu. Thelathini na minane.

Ndugu zangu, saini ya mapokezi ilikuwa yangu. Siku saruji inaletwa nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaletewa karatasi, nikasaini bila kunyanyuka kitini. Mifuko 22 haikufika kabisa kwenye eneo la ujenzi. Ilishushwa njiani, kwa mtu tuliyekuwa tunakaa naye kwenye kikao kimoja. Na bahati ikawa upande wetu kwamba mkutano mkuu wa kijiji wa robo ile ulikuwa haujafanyika. Ulipofika, fundi akasimama, akasema alichokisema kwangu, kwa sauti ileile. Mimi nikasimama baada yake nikakiri saini yangu. Yule mhusika hakuwa na pa kwenda, kwa sababu mbele yake walikaa watu wanaoishi naye, wanaochota maji kisima kimoja na familia yake. Fedha ya mifuko ile aliirudisha kwa misimu miwili ya korosho, na ujumbe wa kamati akaupoteza siku ileile.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza, wale wengine wote waliopita mbele ya karatasi kwa wiki tano, walikuwa vipofu? Hapana. Waliiona 60 na hawakuwa na namba nyingine ya kuilinganisha nayo. Mzazi atajuaje sakafu ya madarasa mawili inakula mifuko mingapi? Ni fundi peke yake aliyekuwa na namba ya pili. Karatasi yangu ilikuwa wazi kwa kijiji kizima, lakini ilimwambia kitu mtu mmoja tu.

Hilo ndilo jibu langu, na mengine nitakayosema yote yanalizunguka. Uwazi unamsaidia mwananchi pale anapokuwa na namba yake mwenyewe mkononi, na pale anapokuwa na mahali pa kuuliza ambapo anayeulizwa hawezi kuinuka akaondoka. Kimoja kikikosekana, tumebandika karatasi tu.

Tazameni sisi wenyewe huku kusini kwenye korosho. Tangu stakabadhi ghalani, yaani korosho kukaa ghalani kwa risiti mpaka zipigwe mnada, ianze mwaka 2007, nani hapa amewahi kusinzia wakati chama cha msingi cha ushirika kinasoma bei ya mnada na makato? Bibi asiyejua kusoma atakwambia kilo zake ngapi, bei ngapi, makato ya chama ngapi, ya usafirishaji ngapi, na akikuta amepungukiwa shilingi elfu tatu hatoki pale mlangoni. Bibi huyohuyo, ikisomwa taarifa ya kijiji, anaangalia jua limefika wapi. Watu wa wilayani wakija wanatuambia "wananchi wenu hawana mwamko". Mimi siyakubali maneno hayo. Bibi ana mwamko wa kutosha. Kwenye korosho alishika gunia lake mwenyewe, akaliona kwenye mzani, akapewa stakabadhi, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Kwenye taarifa ya kijiji anasomewa "ujenzi wa zahanati, awamu ya pili, shilingi 14,500,000" na hapewi kitu cha kukunja. Ataulizaje? Atasema "mbona nyingi", naye atajibiwa "fedha zimetumika kwa mujibu wa taratibu", na hapo mazungumzo yamekufa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu wako watu waliolielewa jambo hili kabla yetu, tena watu maskini kama sisi.

Katika jimbo la Rajasthan, India, kuna chama cha vibarua na wakulima kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kilichoanzishwa mwaka 1990. Mmoja wa waanzilishi wake ni mama anaitwa Aruna Roy, aliyekuwa mtumishi wa serikali akaacha kazi. Vibarua wa kule walikuwa wakifanya kazi za serikali, za kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara wakati wa ukame, na walipokwenda kulipwa wanapunjwa. Wakilalamika wanaambiwa daftari linaonyesha hawakumaliza kazi. Basi wakasema: tunalitaka hilo daftari. Mwishoni mwa 1994 wakaanza kuitisha mikutano ya hadhara, wanakaa chini watu wa kijiji kizima, daftari la mahudhurio linasomwa kwa sauti, jina baada ya jina. Fulani, kafanya kazi siku kadhaa, kalipwa kiasi kadhaa. Na watu wanajibu palepale: huyo alishakufa. Huyo alihamia mjini. Huyo ni mimi, na sijawahi kukanyaga hapo. Zikasomwa na risiti za vifaa vya majengo ambayo kila mtu pale alijua hayapo.

Hebu fikirini. Wengi wao hawakujua kusoma. Lakini kila mmoja alijua kama siku ile alishika jembe au hakushika. Wao wenyewe ndio waliokuwa namba ya pili.

Na walikuwa na msemo wao, ninausema kwa lugha yao kwa makusudi: hamara paisa, hamara hisab. Paisa, hisab. Kwetu hapa mkalimani hahitajiki. Pesa zetu, hesabu zetu. Maneno hayo mawili yamevuka bahari ileile na kuingia kwenye midomo yao na yetu, na nilipoyasikia mara ya kwanza nilihisi yanasemwa na jirani.

Madai yao, pamoja na ya watu wengine wengi wa nchi ile, yalifika mpaka bungeni, na mwaka 2005 India ikapata sheria ya haki ya kupata habari. Sheria hiyo ina kipengele ninachokipenda kuliko vyote: ofisa anayekalia habari bila sababu anaweza kutozwa yeye mwenyewe faini ya rupia 250 kwa kila siku, mpaka ifike 25,000. Anaitoa mfukoni mwake. Na mbegu ile ilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 2007 shirika la haki za binadamu la MUHURI la Mombasa, Kenya, liliwashirikisha wananchi wa Changamwe kukagua miradi ya fedha za maendeleo ya jimbo, CDF, wakaenda na makaratasi mkononi mpaka kwenye majengo yenyewe kuangalia kilichoandikwa na kilichojengwa.

Wapo watakaosema, kwani kutangaza peke yake hakutoshi? Mfano unaotajwa sana ni wa Uganda. Kati ya mwaka 1991 na 1995 serikali kuu ilikuwa ikituma wilayani ruzuku ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Watafiti walikwenda kwenye shule 250, wakakuta kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya kilichotumwa. Nyingi hazikupata hata senti. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kila fedha inayokwenda wilayani, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Ni habari njema, nami naiamini. Ila wengine walioichunguza baadaye wakakumbusha kwamba miaka hiyohiyo mengi yalibadilika: elimu ya msingi bila ada ilianza 1997, usimamizi wa fedha ukakazwa, na wizara ikawa inatazamwa kwa karibu. Kwa hiyo gazeti halikuwa peke yake. Tena ruzuku ile ilihesabika. Mzazi akijua shule ina wanafunzi 400, na kila mmoja ametumiwa kiasi fulani, anazidisha anapata namba yake mwenyewe.

Na upo mfano wa upande wa pili, unaonipa uchungu kama mwalimu. Kenya, kupitia upimaji wa Uwezo, wazazi vijijini walipimiwa watoto wao kusoma na kuhesabu, wakapewa matokeo nyumbani kwao pamoja na mapendekezo ya nini wanaweza kufanya. Watafiti waliorudi baadaye wakalinganisha wazazi hao na wengine ambao hawakupewa. Katika matokeo yao ya 2014 hawakuona tofauti ya maana: hawakudai zaidi shuleni, hawakufanya zaidi nyumbani. Si kwamba hawawapendi watoto wao. Mtu ukimwambia mwanao hajui kusoma, halafu akitazama haoni ni mlango upi agonge, na nani ndani ya huo mlango ana wajibu wa kumjibu, umempa huzuni tu akalale nayo.

Hapa nyumbani huzuni hiyo tunaijua, huja kila Aprili. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti yake mwishoni mwa Machi, kisha inafika bungeni. Wiki mbili redio zote zinazungumza mabilioni. Kwenye vijiwe vya kahawa watu wanatikisa kichwa. Halafu kimya. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, afadhali wasituambie." Nilimkatalia, lakini nilimwelewa.

Na naomba hapa tusimame kidogo kwenye jambo la hati. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, tunayoiita hati safi, panakuwa na shangwe. Ni jambo jema, vitabu vikiandikwa vizuri ni kazi ya watu. Lakini hati ile inasema hesabu zimeandikwa kama inavyotakiwa. Haisemi fedha ilitumika kwa busara, wala haisemi darasa ni imara. Kumbukeni ile taarifa yangu. Ilikuwa na risiti ya mifuko 60, hati ya malipo ya mifuko 60, na saini ya mapokezi ya mifuko 60, saini yangu. Anayekagua makaratasi tu asingekuta kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye banda la kuku.

Tumewahi kuiona ripoti ikiuma, lakini. Mwaka 2014, kwenye suala la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyowekwa Benki Kuu kwa ajili ya malipo ya umeme yenye mgogoro, zaidi ya shilingi bilioni 300, CAG alifanya ukaguzi maalumu, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikaleta taarifa yake, na mjadala ukarushwa moja kwa moja. Mnakumbuka watu walivyojazana mbele ya televisheni za madukani. Desemba hiyo Mwanasheria Mkuu wa Serikali Frederick Werema akajiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu. Sisemi hapa nani alikosea, hiyo si kazi yangu. Nasema palikuwa na namba, palikuwa na wanaoruhusiwa kuuliza, na nchi nzima ilikuwa inasikiliza majibu. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2016, ikatangazwa kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa maelezo ya gharama. Mwaka 2017 nchi yetu ikajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, tuliojiunga nao 2011. Niliumia kwa yote mawili, na ninasema hivyo mbele ya viongozi waliopo hapa kwa heshima.

Lakini hatuhitaji kusubiri Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio chombo cha juu kabisa cha kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Mkutano huohuo ndio unaochagua serikali ya kijiji na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Mbunge hatumwoni kirahisi. Mwenyekiti wa kijiji tunamwona kila siku. Sasa niulize, bila kumnyooshea kidole mtu: mwaka jana kila kijiji kilikaa mara ngapi? Na kilipokaa, swali la mwananchi liliandikwa kwenye muhtasari?

Mimi nimekuja kuamini kwamba muhtasari una nguvu kuliko ubao. Swali lisiloandikwa linayeyuka kabla watu hawajafika nyumbani. Swali lililoandikwa, na jina la anayetakiwa kulijibu, na tarehe, linamngoja kwenye mkutano unaofuata, kwa sababu kila mkutano huanza na yatokanayo. Na tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Ukiomba kwa maandishi, ofisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Andika kwa mkono, kwa Kiswahili hikihiki, baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Kuna hofu pia, siifichi. Anayeuliza anaitwa mchochezi, au anaambiwa ametumwa. Fundi wetu aliambiwa hivyo, na shule mbili jirani hazikumpa kazi kwa karibu mwaka mzima. Katika yote hili ndilo linaloniuma zaidi, maana alitutumikia wote na akalipa peke yake. Basi asiulize mtu mmoja. Waulize watu wanne wa kitongoji kimoja, swali lilelile, mmoja baada ya mwingine. Na ninyi wenyeviti, mlindeni anayeuliza hata kama swali linawahusu ninyi. Hasa likiwahusu ninyi.

Mnakumbuka madarasa ya UVIKO ya 2021? Fedha ya mpango mzima ilikuwa shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000 nchi nzima. Nani hapa aliyekumbuka hiyo trilioni? Hakuna. Lakini kila mtu, mpaka watoto, alijua "darasa moja milioni ishirini". Kwa sababu ya namba hiyo moja ndogo, nilisikia kwa masikio yangu wanawake wakibishana kisimani kama bati walizoziona zinafanana na milioni 20. Sijawahi kusikia mabishano mazuri kama yale. Kwa hiyo ninapowaomba muweke mambo wazi, naomba muyaweke kwa vipimo ambavyo mtu anaweza kuvishika: mifuko, bati, malori, siku za kibarua, matundu ya choo. Tena yatangazwe kabla kazi haijaanza. Ikishaisha, mifuko inakuwa imeshazibia banda.

Ndugu wajumbe, shule yetu imepata fedha za madarasa mawili mapya kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuweka mafundi. Kamati ya manunuzi ipo, ya mapokezi ipo, ya ujenzi ipo. Mwalimu mkuu wa sasa ameridhia kwamba pamoja na kamati ya mapokezi, kila kitongoji kitoe mtu mmoja wa kuhesabu, asiye mjumbe wa kamati yoyote. Nimenunua madaftari manne, haya hapa. Ukurasa wa kwanza yule fundi ametuandikia bila malipo makadirio yake: saruji, nondo, mchanga, kokoto, bati. Lori la kwanza la kokoto linafika Jumanne saa moja asubuhi. Kitongoji cha Kaskazini kimeshampeleka mama mmoja, yupo pale nyuma, ameshachukua daftari lake. Yamebaki matatu.